Vitunda vya maboga vinadondoka? Pasua kwanza, dawa baadaye

Boga halina makuu. Mbegu ikitupwa jalalani nyuma ya jiko itaota, itatambaa mpaka kwa jirani na kutoa msusa wa kutosha nyumba nzima. Shida huanza kwenye kuzaa: maua yanajaa, vitunda vinatokea, vikifika ukubwa wa limau vinageuka njano na kudondoka. Hapo wengi hukimbilia duka la pembejeo na kurudi na sumu ya wadudu. Mara nyingi tatizo halikuwa mdudu kabisa, na sumu hiyo inawaua nyuki ambao ndio waliokuwa wanahitajika.

Kwa hiyo tunaanza na kisu.

Hatua ya 1: Pasua kitunda

Chuma kile kilichoanza kuwa njano kikiwa bado kwenye shina. Kilicholala chini siku mbili kitakudanganya, kwa sababu kinakuwa kimeshaingiwa na wadudu wa kila aina.

Tazama ganda kabla ya kupasua. Ukiona kitundu kidogo chenye tone la utomvu ulioganda, na ndani ukakuta funza weupe, huyo ni inzi wa matunda. Ndani kukiwa safi, hakuna funza wala njia za funza, na kitunda kimesinyaa kuanzia kwenye ncha palipokuwa na ua, basi hakikuchavushwa. Kitako kikiwa kimebonyea, kikavu na cheusi, chunguza umwagiliaji wako.

Hatua ya 2: Ndani ni safi? Chavusha kwa mkono

Boga lina maua madume na maua majike kwenye mmea mmoja. Madume hutangulia, hivyo maua ya mwanzo kudondoka bila kuacha kitu ni kawaida, usihangaike. Ua dume lina kikonyo kirefu chembamba. Ua jike limekalia kiboga kidogo tangu likiwa tumba.

Ua jike hufunguka asubuhi moja tu na hujifunga kabla ya adhuhuri. Uwe bustanini kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi. Chuma ua dume lililofunguka siku hiyo, bandua petali zake, ubaki na kijiti chenye unga wa njano. Paka unga huo kwenye kichwa kilicho katikati ya ua jike, uzunguke pande zote. Mimi hutumia madume mawili kwa jike moja, maana unga ukiwa haba boga linaweza kukua upande mmoja. Petali usitupe, zinaingia vizuri kwenye sufuria ya msusa.

Kama unaona majani makubwa ya kijani kibichi na maua majike hayaonekani, punguza samadi na urea. Hakuna dawa ya kupulizia itakayokusaidia hapo.

Hatua ya 3: Umekuta funza? Mzuie inzi

Inzi jike hutoboa ganda laini na kutaga ndani. Ukipulizia sumu juu ya tunda, funza yuko ndani anakula, haimpati. Kinachofanya kazi ni kumnyima nafasi: mara petali zinaponyauka baada ya uchavushaji, livalishe tunda mfuko wa karatasi au kipande cha chandarua kilichochakaa, ufunge kwenye kikonyo. Ganda likianza kuwa gumu unaweza kuvua.

Matunda yaliyoharibika yaokote kila siku. Usiyatupe kwenye mboji, kwani funza watatoka, waingie udongoni na kurudi wakiwa inzi. Yazike kina cha nusu mita, au yatie kwenye mfuko mtupu wa mbolea, ufunge barabara na kuuacha juani siku kadhaa.

Ukitaka mitego, angalia unachouziwa. Kivutio cha inzi wa maembe, methili eujenoli, hakimvuti inzi wa jamii ya maboga. Omba cha inzi wa matikiti na matango. Nacho hunasa madume tu, kwa hiyo kifuniko cha tunda kibaki palepale.

Hatua ya 4: Majani

Mbawakavu wekundu ni hatari miche ikiwa na majani mawili matatu. Waokote alfajiri wakiwa wazito kwa umande, uwatie kwenye maji ya sabuni. Vidukari hukaa chini ya jani: wapulizie sabuni ya maji, kijiko cha chai kwa lita moja.

Jani likikunjamana na kuwa na mabaka ya njano na kijani, hiyo ni batobato. Haina tiba, ng'oa mmea, na mbegu zake usiziweke.

Unga mweupe juu ya jani ni ubwiri unga, lakini hakikisha kwa kidole gumba. Ukifutika ni ugonjwa. Usipofutika ni madoa ya asili ya aina hiyo ya boga. Changanya sehemu 1 ya maziwa ya ng'ombe na sehemu 9 za maji, upulizie kila wiki siku yenye jua.

Hatua ya 5: Kitako cheusi

Mwagilia kwa kiasi kilekile, usikaushe wiki nzima kisha ukafurisha. Tandaza nyasi kavu kwenye shina.

Ikibidi kununua dawa

Jaribu mwarobaini kwanza: gramu 50 za kokwa zilizotwangwa kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja. Pulizia jioni, maua yakiwa yamefunga na nyuki wamerudi mzingani. Kwa sumu ya dukani, soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna na uzihesabu kwa msusa pia, si kwa boga peke yake. Chupa ambayo lebo yake imebanduka, irudishe kaunta.