Gia ya Mkono au Otomatiki: Namna ya Kuchagua Giaboksi ya Lori la Kusambazia Bidhaa

Lori la kusambazia bidhaa linatoka asubuhi limejaa, linasimama, linashusha, linaondoka, linasimama tena, na hali ni hiyo hiyo mpaka jioni. Kazi hii inaitesa giaboksi kuliko safari ndefu ya barabara kuu. Kwa hiyo uchaguzi uanzie kwenye ruti. Bei ya gari na mazoea ya dereva vije baadaye.

Chagua siku mbili za kazi za kawaida, kisha mtume mtu aandamane na gari akiwa na daftari. Aandike mambo manne: gari linasimama na kuondoka mara ngapi (taa, makutano na foleni vikiwemo), mlima mkali kuliko yote unapandwa likiwa na mzigo kiasi gani, linarudi nyuma kuingia sehemu finyu mara ngapi, na madereva wangapi wanapokezana gari hilo hilo.

Sasa piga hesabu. Kusimama na kuondoka kwa gia ya mkono humtaka dereva akanyage klachi mara tano au sita. Vituo 60 vya kushusha mzigo, ukiongeza 40 vya taa na makutano, ni mara 500 hadi 600 kwa siku. Klachi huliwa zaidi na maondoko kuliko kilomita. Inaliwa pale gari linapoondoka, kwa sababu ndipo klachi pleti (bamba la klachi) inapoteleza kwenye flaiwili, gurudumu zito lililofungwa kwenye injini. Ukiona idadi kama hiyo, otomatiki inastahili kufikiriwa kwa uzito. Ukiona vituo kumi na njia ndefu iliyo wazi kati yake, gia ya mkono itakuhudumia vizuri na kwa gharama ndogo.

Lakini usinunue lori kwa sababu tu lina pedali mbili, bila ya klachi, maana chini ya jina la otomatiki kuna mitambo tofauti kabisa, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia.

Ya kwanza ni giaboksi ya mkono iliyofungiwa mota za umeme au mitungi ya upepo inayokanyaga klachi na kubadilisha gia kwa niaba ya dereva. Klachi kavu bado imo ndani. Dereva asiyejua hilo huliacha gari litambae polepole kwenye foleni, au hulishikilia mlimani kwa akseleta lisirudi nyuma. Muda wote huo klachi inateleza na kuungua. Mfundishe asubiri nafasi ya kutosha ifunguke mbele yake ndipo aondoke, na mlimani atumie breki. Jambo jingine: klachi mpya ikifungwa, kompyuta ya giaboksi lazima ifundishwe upya mahali klachi inaposhika. Fundi akiruka hatua hiyo, gari litaruka-ruka wakati wa kuondoka au litakataa kuingia gia. Kabla ya kulipia lori la aina hii, hakikisha yupo fundi unayeweza kumfikia mwenye kifaa cha kupimia kompyuta hiyo na anayejua kukitumia.

Ya pili ni otomatiki ya toki konveta. Hapa injini inausukuma mtambo kwa oili iliyo ndani ya toki konveta, na toki konveta hiyo inaongeza nguvu ya kuzungusha karibu mara mbili gari linapoanza kuondoka. Mzigo mzito unaondoka taratibu bila kuunguza chochote. Kwa ruti ya vituo vingi yenye milima, hii ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza. Inakunywa mafuta zaidi kidogo mjini, na adui yake ni joto. Oili ikikaa kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi iko salama. Ikipita 120 kwa muda mrefu inapoteza ubora, klachi ndogo za ndani zinaanza kuteleza, na ukarabati wake ni ghali. Mara nyingi chanzo ni kipozeo kilichoziba vumbi au oili iliyopungua. Tumia oili iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na ubadilishe oili na filta kwa ratiba ya kazi nzito, hata kama gari lina kilomita chache.

Ipo pia ya klachi pacha, yaani yenye klachi mbili zinazopokezana gia, kama Duonic ambayo Mitsubishi Fuso iliiweka kwenye Canter mwaka 2010. Inabadilisha gia haraka na kwa ulaini, ila inahitaji fundi aliyeisomea hasa.

Ukiamua gia ya mkono, gharama yako kubwa ni mguu wa dereva. Anayepumzisha mguu juu ya pedali anamaliza rilizi beringi, ile inayosukumwa klachi inapokanyagwa; anayelishikilia gari mlimani kwa klachi anaunguza pleti. Madereva wakipokezana, hutajua ni nani. Klachi ikiisha, badilisha klachi pleti, preshapleti (inayoibana klachi pleti) na rilizi beringi kwa pamoja, flaiwili ikaguliwe, na sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini) itazamwe, kwa sababu oili ikivujia pleti mpya itatetemeka na kuteleza ndani ya muda mfupi. Kushusha giaboksi mara mbili ni kupoteza siku mbili za kazi.

Lori lililotumika lijaribiwe likiwa na mzigo. La gia ya mkono: vuta hendibreki, weka gia ya tatu, ongeza moto kidogo kwa akseleta, achia klachi. Injini ikizima papo hapo, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma gari likiwa limesimama, klachi imekwisha. Fanya hivyo mara moja tu. La toki konveta: gari liwe sehemu tambarare, injini imepata moto na inanguruma, kisha chomoa kijiti cha oili, kama kipo. Oili iwe angavu; mara nyingi huwa nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, achana na gari hilo. Kama lori lina lifti ya nyuma au pampu inayoendeshwa na giaboksi, iwashe pia, kwani si kila otomatiki ina mahali pa kuifunga.

Mwambie dereva na hili mapema: otomatiki ya toki konveta haiwaki kwa kusukumwa, na haivutwi huku magurudumu ya nyuma yakizunguka chini. Injini ikiwa imezima, pampu ya oili ndani ya giaboksi haifanyi kazi, hivyo beringi na gia zinazunguka bila kulainishwa. Propela shafti, inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ifunguliwe kwanza, au ekseli ya nyuma inyanyuliwe.