Kabla hujafyeka kiwanja chako Dodoma, kagua majani

Nina kitalu cha miche Nzuguni. Kila mvua za Desemba zinapoanza, huja watu walioacha viwanja vyao vyeupe kabisa, wanaulizia maua ya kuvutia vipepeo. Maua nitawauzia. Ila kabla ya kuwa kipepeo alikuwa kiwavi, na kiwavi anakula majani, mara nyingi ya jamii moja tu ya mimea. Mmea huo ukiisha, naye kaisha.

Ndivyo alivyopotea Xerces, kipepeo mdogo wa bluu wa San Francisco, Marekani, aliyetambulishwa kisayansi mwaka 1852. Viwavi wake walikula mimea ya jamii ya kunde iliyoota kwenye matuta ya mchanga ya pwani. Matuta yakasawazishwa, nyumba zikajengwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 akaonekana kwa mara ya mwisho. Na sisi, tangu serikali ihamie huku, tunajenga kwa kasi. Naumia nikiona greda linapita porini bila mtu kutazama kilichomo.

Kwa hiyo usifyeke kiangazi. Subiri mvua za kwanza zichipushe majani, kisha pita kiwanjani asubuhi, taratibu, ukigeuza majani kutazama upande wa chini. Matundu kwenye jani ni dalili njema. Kwenye mndimu au mchungwa, kiwavi mchanga anafanana na kinyesi cha ndege. Akikua anakuwa wa kijani, na ukimgusa anatoa vipembe viwili vya rangi ya chungwa vyenye harufu kali. Usimpulizie dawa. Kama mche bado mdogo, mhamishie mti mkubwa wa jamii hiyohiyo.

Kuna kichaka cha majani mapana ya kijivujivu, ukikivunja kinatoa maziwa meupe. Hicho vibarua hukikata cha kwanza. Chunguza kama kina viwavi wa milia myeusi, myeupe na ya njano: hao watakuwa wale vipepeo wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi za mabawa. Kiache nyuma ya nyumba, mbali na watoto, kwa sababu maziwa yake ni sumu na yanaumiza sana macho.

Mimea yote uliyoikuta na mayai au viwavi ifunge kitambaa chekundu, umwonyeshe dereva wa greda kabla hajawasha injini. Acha ukanda wa pori kwenye mpaka wa nyuma, hata mita mbili, uzungushie matawi ya miiba kuzuia mbuzi. Jirani akihofia nyoka, safisha karibu na nyumba, ukanda uache.

Ukilima kunde, mstari mmoja usipige dawa. Vipepeo wa bluu tunao hata sisi, na wapo wanaotaga kwenye maua yake. Utapoteza maganda machache.

Ukanda ukizidi kuwa mrefu, fyeka nusu mwaka huu na nusu mwakani. Usiuchome moto, maana mabuu, yaani viwavi waliotulia ndani ya ganda wakigeuka vipepeo, hubaki yameshikilia vijiti hivyohivyo vikavu.