Kabla hujahamia Arusha, ulizia maji

Dalali atakuonyesha geti, vigae na maegesho. Jikoni atafungua koki ili uone tu kwamba maji yanatoka. Wewe muulize yanatoka wapi. Nyumba moja inatumia maji ya AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, ya jirani inatumia kisima cha mwenye nyumba, na kwa Arusha jambo hilo lina uzito kuliko vigae.

Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina floraidi, madini ambayo yakizidi hudhuru meno na mifupa, na maji yanayopita humo huibeba. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania yenyewe kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, maana kufikia 1.5 katika maeneo kama haya ni kazi.

Macho na ulimi havitakusaidia hapa. Aliyezoea maji ya chumvi ya Dodoma atafurahi kuona sabuni inatoa povu upesi na birika halishiki ukoko mweupe. Ndiyo, ni maji laini, yana kalsiamu kidogo, na mtego uko hapohapo: kalsiamu ndiyo hushikana na floraidi na kuizuia isijae majini. Ikipungua, floraidi huachiwa nafasi. Kuchemsha nako kunaua vijidudu, kwa hiyo usiache, lakini floraidi haitoki na mvuke. Maji yakipungua sufuriani yenyewe inazidi kukolea. Chujio la kawaida la mshumaa haliigusi.

Kama una mtoto wa chini ya miaka minane, usilichukulie hili kirahisi. Meno ya ukubwani hujengeka ndani ya ufizi katika umri huo, na madoa ya kahawia unayoyaona kwa wenyeji wengi yalianza wakati huo. Mswaki hauyatoi. Mtu mzima hatapata madoa hayo, ila mifupa yake inaweza kudhurika akinywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka mingi.

Basi kabla ya kutoa kodi ya miezi sita, omba majibu ya vipimo vya kisima. Hakuna? Peleka sampuli maabara ya maji, kwenye chupa safi ya plastiki, si ya kioo, na useme wazi kwamba unataka floraidi, kwa sababu kipimo cha vijidudu ni kingine.

Majibu yakiwa mabaya, si lazima uikimbie nyumba. Maji ya kuoga na kufulia hayana neno. Tatizo ni ya kunywa na kupikia. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, kinajulikana kwa uchujaji wa mkaa wa mifupa, nao hufanya kazi mradi ubadilishwe ukichoka. Mimi ningeanza na bati, yaani kuvuna maji ya mvua, ambayo hayapiti kwenye miamba hiyo. Paa la mita za mraba 50 likipata milimita 20 za mvua linamwaga lita 1,000. Familia inayotumia lita kumi kwa siku kwa kunywa na kupika itakaa nazo siku mia. Funga tanki kabla ya masika, na mvua ya kwanza iache ioshe vumbi.

Halafu kuna magadi, ambayo nayo mara nyingi yana floraidi. Bibi akilalamika kwamba makande hayaivi bila magadi, loweka mahindi na maharage usiku kucha.