Kukusanya Bastola za Kale Ukiwa Dodoma: Anza na Ala, Alama na Daftari

Anayetaka kukusanya bastola za kale, ziwe za kijeshi au za kibiashara, aanzie polisi, si sokoni. Umri wa bastola haumwondolei mtu wajibu wa kuwa na leseni chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na kusema "ilikuwa ya babu" si kibali. Anayeikuta shambani au kwenye paa la tembe la zamani asiifungue wala asiisugue, bali aiache ilipo na awaite polisi, kwa kuwa risasi iliyolala ndani yake kwa miaka mia moja bado inaweza kulipuka.

Kwa sababu hiyo ninamshauri anayeanza akusanye kwanza vitu vinavyoambatana na bastola: ala za ngozi, yaani mifuko ya kubebea bastola, vitabu vya mafunzo ya jeshi, picha za askari na hati za mauzo. Hapa katikati ya nchi hatuhitaji kwenda mbali kutafuta pa kuanzia. Mwezi Mei 1916 Wajerumani walipambana Kondoa Irangi na majeshi ya Afrika Kusini yaliyoongozwa na van Deventer na kupigania upande wa Uingereza, na tarehe 29 Julai mwaka huohuo Dodoma ikatekwa. Ndiyo maana bastola za Ujerumani na za Uingereza ndizo za kujifunza kwanza.

Luger P08, iliyopokewa na jeshi la nchi kavu la Ujerumani mwaka 1908, ni mwalimu mzuri kuliko zote kwa sababu imejaa maandishi. Juu ya kiungo chake, kile kinachokunjika kama goti, utaona herufi DWM zilizosukwa pamoja, ambazo ni kifupi cha jina la kampuni, ikiwa imetoka katika kiwanda chake cha Berlin, au neno ERFURT chini ya taji ikiwa imetoka katika kiwanda cha serikali. Zile za jeshi zilizotengenezwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa kawaida zina mwaka uliopigwa juu ya chemba, yaani sehemu inapokaa risasi ya kufyatuliwa, mathalani 1915, pamoja na mihuri midogo ya wakaguzi. Za kibiashara mara nyingi hazina mwaka, ila zina herufi N chini ya taji, ambayo ni alama ya kupimwa kwa baruti isiyo na moshi. Kisha fuata namba ya utambulisho wa bastola. Namba kamili iko kwenye fremu, yaani mwili wa bastola, na tarakimu zake mbili za mwisho hurudiwa kwenye vipande vidogo, kwa hiyo kipande kimoja chenye tarakimu tofauti kinakuambia kwamba kimetoka kwenye bastola nyingine, na hapo bei hushuka.

Webley Mark VI ya Uingereza, iliyoingia jeshini mwaka 1915, haina mafumbo mengi: hukunjuka katikati, hubeba risasi sita za inchi 0.455 na ina pete ya kamba chini ya mpini. Mshale mpana ni alama ya mali ya serikali, na mishale miwili iliyogusana ncha kwa ncha huonyesha kwamba silaha iliondolewa jeshini kwa kuuzwa. Mauser C96 ya Ujerumani ya milimita 9, iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi kuanzia mwaka 1916, hutambulishwa kwa tarakimu 9 nyekundu iliyochongwa kwenye mpini wa mbao. Lakini mbao huchongwa na yeyote mwenye kisu, nami nisingeiamini alama hiyo peke yake.

Ukiruhusiwa kutazama bastola ya mtu mwenye leseni, mwache yeye aitoe risasi na kukuonyesha kuwa ni tupu, kisha chukua kioo cha kukuzia. Herufi ambazo hazijaguswa zina kingo kali unazoweza kuzihisi kwa ncha ya kidole. Herufi zilizofifia, na matundu ya skrubu yaliyobonyea pembeni kama sahani, ni dalili kwamba chuma kilisuguliwa na kupakwa rangi upya. Kinang'aa, lakini kimepoteza historia yake.

Kosa kama hilo nililifanya mwenyewe. Nilinunua ala ya Luger, yenye mfuko wa magazini (kasha la risasi) ya akiba ubavuni na kijifuko cha kifaa cha kufungulia ndani ya kifuniko, na kwa kuwa ilikuwa imekauka na kujaa vumbi letu jekundu, niliipaka dawa ya viatu. Mgongoni palikuwa na muhuri wa mtengenezaji, jina la mji na mwaka. Ulipozibwa na dawa, nikausugua kwa brashi mpaka ukaisha. Ngozi ya kale ifutwe kwa kitambaa laini kikavu, basi. Ijazwe karatasi isiyo na asidi ili isikunjamane, iwekwe kwenye sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali ili mchwa wasilifikie, na isihifadhiwe na chuma ndani yake, kwa sababu dawa zilizotumika kulainishia ngozi huleta kutu.

Kila kitu kipewe ukurasa wake katika daftari: tarehe, bei, vipimo, kila alama ilivyo na mahali ilipo, pamoja na picha. Maelezo ya muuzaji yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe, katika safu tofauti na yale uliyoyaona kwa macho yako, kwani ala nyingi hapa mjini zinasemekana kuwa za ofisa aliyepigana Kondoa, na ambayo muhuri wake unasoma 1917 haikuwepo huko.