Unguja ya kimya: angalia mwezi kwanza, hoteli baadaye

Watu wengi wakishuka boti pale Malindi, bandarini mjini Unguja, ni teksi moja kwa moja Nungwi, picha za machweo, siku mbili washarudi Dar wanalalamika Zanzibar ghali na imejaa watu. Sasa kama ulienda walikojaa watu ulitegemea nini jamani.

Ukitaka ile Unguja nyingine, ya kimya, kabla hujalipia chumba angalia mwezi una siku ngapi. Sitanii. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndo bamvua, bahari inapwa na kujaa kwa nguvu, tofauti inafika kama mita 4, na pwani ya mashariki kule Jambiani, Bwejuu, Makunduchi maji ya ndani ya mwamba ni kina kifupi kwa hiyo yakitoka yanatoka kweli, unatembea mpaka unachoka. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari inajivuta kidogo tu. Mimi mara ya kwanza nilienda Jambiani maji mafu bila kujua, siku tatu nimekaa mchangani nasubiri kuwaona wakulima wa mwani, hakuna mtu, mpaka bibi mmoja akanicheka, "mwanangu, rudi mwezi ukiandama, sasa hivi utamuona nani?"

Nikarudi. Bamvua yenyewe ni kitu kingine kabisa, kinamama wanashuka na kanga zao wamejifunga vizuri, kila mtu anajua shamba lake ni lipi japo wewe unaona vigingi na kamba tu zimetapakaa kwenye maji ya magotini. Wanakaa chini humo humo majini wanafunga vipande vya mwani kimoja kimoja kwenye kamba huku wanapiga stori, na baada ya wiki kama sita wanavuna. Wengine wanachokoa pweza kwenye mawe. Usiwakimbilie na simu mkononi, salimia kwanza, shikamoo kwa wakubwa, kaa, wakikuzoea omba ruhusa ya picha na ukiambiwa hapana basi ni hapana. Mimi nilijitia kubeba gunia la mwani mbichi, aisee lile linashinda mfuko wa saruji, wakacheka mpaka basi. Vaa viatu vya plastiki, kuna wadudu wa miiba myeusi huko chini hawana huruma.

Kufika huko panda gari ya shamba, yaani daladala ya vijijini, namba 309 ya Jambiani au 310 ya Makunduchi, teksi achana nayo. Utabanwa, kutakuwa na ndoo ya samaki miguuni kwako na mzee atakuuliza unaenda kwa nani. Muulize utingo gari ya mwisho ya kurudi mjini ni saa ngapi maana jioni zinawahi kuisha.

Kizimkazi watu wanaenda kukimbiza pomboo na maboti, kusema ukweli siipendi ile shughuli. Nenda Dimbani, hapo hapo Kizimkazi, kwenye msikiti wa kale, kwa nje ni paa la bati tu unaweza ukapita usijue, ila ndani kibla kina maandishi ya Kikufi, ile hati ya zamani ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Vua viatu, jisitiri, mtafute anayeutunza akufungulie, na sadaka usisahau.

Nguo za kuogelea ziishie pwani, ukiingia kijijini jifunge kanga au vaa suruali. Ramadhani mchana usile wala kunywa njiani. Julai kukiwa na Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, Makunduchi hakuna ukimya, wanaume wanachapana kwa migomba, lakini ile ni sherehe yao wenyewe kwa hiyo nenda tu.

Jioni tafuta baraza wanapouza kahawa. Ni chungu, sukari hawatii, utamu ni wa kashata ya pembeni, na usianze maswali yako ya mtalii, kaa kimya wakuulize wao kwenu wapi na umeoa au bado. Mimi kahawa ya pili ilikuwa haijaisha mzee mmoja akaangalia mwezi akasema kesho maji yanapwa saa nne asubuhi, basi nikaaga nikaenda kulala.