Jinsi ya Kuandaa Siku ya Nasaba kwa Wananchi: Mwongozo kwa Vyama vya Nasaba vya Mikoa

Chama chetu cha nasaba hapa mkoani Tanga hakina jengo wala mwajiriwa. Mali yake yote ni kabati moja la chuma, kompyuta mpakato na daftari la mahudhurio. Hata hivyo, kila baada ya miezi mitatu tunafungua siku moja ambayo mwananchi yeyote anaweza kufika na alichonacho, liwe ni jina la babu tu au bahasha nzima ya vyeti, akakaa na mwanachama mmoja na baadaye akapata karatasi ya vizazi vyake iliyoandikwa kwa uangalifu. Nimeombwa na wenzetu wa mikoa mingine niandike tunavyofanya, na nimeziandika hatua kwa mpangilio ule ule tunaoufuata sisi.

Hatua ya kwanza: chagueni kundi moja la watu

Tangazo linalosema "Njooni mjue asili yenu" hujaza ukumbi na kuwarudisha watu mikono mitupu, kwa sababu maswali ya mjukuu wa mvuvi wa Pangani si maswali ya mjukuu wa mkulima wa Lushoto. Kwa hiyo kila siku ya wazi tunaielekeza kwa kundi moja lenye historia inayofanana. Siku zilizotuletea watu wengi zaidi ni zile za wajukuu wa manamba, yaani wafanyakazi walioandikishwa kwenye mashamba ya mkonge.

Mkonge uliingia nchini mwaka 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf, na miche 62 tu iliyonusurika safari ndiyo iliyopandwa karibu na Pangani. Miaka michache baadaye mashamba yalikuwa yameenea hadi Muheza na Korogwe, na wenyeji hawakutosha au hawakutaka kazi ile, kwa hiyo wafanyakazi wakaandikishwa kutoka Songea, Unyamwezi, Kigoma, Burundi na Msumbiji. Kuanzia mwaka 1944 kazi hiyo ya kuandikisha ilishikwa na ofisi ya wenye mashamba iliyojulikana kama SILABU. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na hapo ndipo lilipotoka neno manamba. Matokeo yake kwa nasaba ni kwamba familia nyingi zinajua vizuri jina la shamba na hata la kambi, lakini hazijui kijiji alichotoka mzee. Tunapolijua kundi mapema, tunajua pia swali litakalofungua mlango: si "babu alitoka wapi", ambalo hujibiwa "kwao, bara", bali "babu alikuja na nani, na nani alimzika?" Watu waliotoka sehemu moja walikaa kambi moja na kuzikana, na mara nyingi familia ya yule aliyemzika babu bado inakijua kijiji.

Kundi jingine tunalolifikiria ni Wazigua wa Chogo, wilayani Handeni. Wazee wao walipelekwa Somalia katika karne ya 19 wakati wa njaa, na wajukuu walirejea baada ya vita vya mwaka 1991 wakiwa bado wanazungumza Kizigua.

Hatua ya pili: ruhusa na tarehe

Pelekeni barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na nakala kwa viongozi wa misikiti na makanisa ya karibu, maana tangazo linalosomwa baada ya swala au ibada hufika kwa wazee ambao simu haiwafikii. Jumamosi asubuhi ndiyo siku bora. Epukeni msimu wa masika.

Hatua ya tatu: tengenezeni karatasi ya vizazi

Fomu nyingi zinazopatikana mtandaoni zina nafasi ya jina la kwanza na jina la ukoo, basi. Kwetu hazifai. Jina la tatu katika kitambulisho kwa kawaida ni jina la babu na si la ukoo, na ndugu wawili waliosajiliwa katika shule mbili tofauti huweza kuwa na majina ya tatu tofauti. Karatasi yetu, yenye ukurasa mmoja, ina nafasi tano kwa kila mtu: jina alilopewa utotoni, jina la dini, jina la shuleni, jina la kazini, na jina analoitwa mtaani. Manamba wengi waliandikishwa kwa jina lisilo lao, ama kwa sababu karani hakusikia vizuri ama kwa sababu mwenyewe hakutaka kufuatwa, na asiyeacha nafasi ya jina la kazini hatampata mtu huyo katika karatasi yoyote ya shamba.

Chini yake kuna ukoo wa baba na ukoo wa mama, kwa uzito sawa. Wamakonde na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na fomu inayouliza baba wa baba wa baba itampoteza mtu wao katika kizazi cha pili. Kuna pia nafasi ya mwiko wa ukoo, yaani mnyama au chakula kisicholiwa, kwa sababu mwiko hukumbukwa hata pale jina la ukoo liliposahaulika. Nafasi ya mwisho ni ya watani. Mnyamwezi aliyesahau mambo ya kwao huenda akamkuta mtani wake wa Kizaramo anayakumbuka kwa ajili ya kumtania msibani.

Hatua ya nne: pangeni meza, na kompyuta iwe ya mwisho

Mwaka wa kwanza tuliiweka kompyuta mlangoni ili tuonekane wa kisasa, na wazee walipita wakiiangalia kama wanavyoiangalia mashine ya kupima mzigo. Sasa mlangoni kuna viti na chai, na mwanachama kijana ambaye kazi yake ni kuamkia, kuuliza mzee amekuja na nani, na kumwelekeza. Meza ya kwanza ni ya mazungumzo. Meza ya pili ni ya vyeti na picha, ambako kila kitu hupigwa picha mbele ya mwenyewe na kurudishwa mkononi mwake hapo hapo. Hatubaki na karatasi ya mtu hata kwa usiku mmoja. Kompyuta iko nyuma, na anayekwenda huko ni yule aliyekwisha kujaza karatasi yake.

Hatua ya tano: kutafuta mwaka na kutafuta undugu

Hii ndiyo kazi yenyewe, na inahitaji mafunzo ya mchana mzima kwa wanachama kabla ya siku. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ilitungwa tangu mwaka 1920, lakini kwa miongo mingi Waafrika walio wengi hawakusajiliwa, kwa hiyo mwaka wa kuzaliwa ulio katika kadi ya mzee mara nyingi ulikadiriwa na karani. Msimuulize mwaka. Wekeni mezani orodha ya matukio ambayo hapa Tanga kila mtu ameyasikia: vita vya Novemba 1914, ambapo nyuki waliwavamia askari wa Kiingereza; Uhuru wa Desemba 1961; Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964; Azimio la Arusha la 1967 na kutaifishwa kwa mashamba ya mkonge mwaka huo huo; kuhamia vijijini katika miaka ya 1970; na vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979. Kisha ulizeni kwa kipimo cha mwili. Shamba lilipotaifishwa, ulikuwa unanyonya, unatambaa, au unatumwa dukani? Ulipopelekwa shule, mkono uliopitishwa juu ya kichwa ulikuwa unafika sikio la pili? Kwa kuwa kipimo hicho cha mkono na sikio kilitumika kupokea watoto wa umri wa miaka sita au saba, jibu lake pamoja na tukio moja hutupa mwaka wenye kosa dogo. Andikeni "kati ya 1958 na 1960", msiandike 1959 kana kwamba mliuona.

Undugu nao una mitego yake. Neno "babu" linaweza kumtaja babu mzaa baba, babu mzaa mama, au ndugu wa mmojawapo, na "baba" anaweza kuwa baba mdogo aliyemlea mtu. Kwa kila jina ulizeni: tumbo moja? Baba mmoja? Mzee mmoja wa Muheza alitutajia "ndugu zangu" kumi na wanne kwa mfululizo, na tulipouliza hivyo walibaki watatu wa tumbo moja. Waliosalia walikuwa watoto wa baba wakubwa na wadogo. Tuliwaandika wote, kila mmoja mahali pake.

Hatua ya sita: yasiyosomwa kwa sauti

Katika moja ya siku zetu za mwanzo nilisimama kwa furaha nikausomea ukumbi mti wa familia moja tuliyoifanyia kazi vizuri, wala sikutambua kwamba mtoto niliyemtaja kwa mama yake alikuwa amelelewa akijulikana kuwa ni wa mama mwingine. Shangazi yao aliinuka, akachukua mkoba wake akaondoka, na hajarudi tena. Tangu siku hiyo hakuna mti unaosomwa hadharani. Karatasi ina kisanduku pembeni, ambacho mhojiwa mwenyewe hukitia alama kwa lolote analotaka libaki kwa familia tu, na mambo yanayowekewa alama zaidi ni utumwa, watoto wa nje ya ndoa na ugonjwa.

Ridhaa irekodiwe kwa sauti mwanzoni mwa mazungumzo, mzee akitaja jina lake na kusema nani aruhusiwe kusikiliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu pia wanaokusanya taarifa za watu kwa daftari na simu. Majina ya watu walio hai hatuyapandishi mtandaoni kabisa.

Hatua ya saba: ofisi na nyaraka

Atakayehitaji cheti aelekezwe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, au ofisi ya mkuu wa wilaya alikozaliwa. Anayetafuta wazee waliobatizwa aanzie parokiani, kwa sababu daftari la ubatizo huandika pia jina la msimamizi, na msimamizi mara nyingi alikuwa jirani au jamaa. Majalada ya utawala wa Wajerumani yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, lakini hati zake za mkono ni za mtindo wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo hujikwaa kuusoma. Sisi tunaendesha darasa fupi la herufi zake, na kwa kweli wanafunzi wazuri zaidi ni walimu wastaafu.

Hatua ya nane: rudisheni

Ndani ya wiki mbili karatasi iliyochapwa na nakala ya sauti ziwe zimemfikia mwenyewe nyumbani kwake, na mwanachama akae naye aipitie, kwa maana hakuna karatasi iliyorudi bila sahihisho. Marekebisho yaandikwe kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi ile ile na nakala ya pili itunzwe kabatini. Kwenye kompyuta tunahifadhi kwa muundo wa GEDCOM, ambao programu nyingi za nasaba huusoma. Kabla ya kuaga, mwulizeni mzee nani mwingine anayejua zaidi yake. Yule wa Muheza alinyamaza kidogo, akasema yupo mke wa marehemu kaka yake kule Ngomeni, ila twende mapema, kabla hajatoka kwenda shambani.