Kantangaze hazoei dawa: namna ya kupuliza nyanya bila kumfuga aliye sugu

Ukikaa na wakulima wa nyanya hapa Ngarenanyuki, chini ya mlima Meru, haipiti siku bila mtu kusema kuhusu kantangaze, kiwavi anayechimba majani ya nyanya, "Hawa wadudu wameshaizoea dawa." Nami nilisema hivyo misimu miwili mizima. Nilikuwa na nusu eka, napuliza kila wiki, na majani yanakauka kama yamepitiwa na moto. Kilichonipoteza ni hilo neno "kuzoea", ndiyo maana naanza nalo.

Kiwavi hazoei sumu kama mtu anavyozoea pilipili. Asiye na kinga akipata dozi kamili anakufa, basi. Lakini viwavi wa shamba moja hawafanani. Wamo wachache waliozaliwa na miili inayoivunja sumu haraka, au ambao sumu haipati pa kushika ndani yao. Kabla hujapuliza, tofauti hiyo haiwasaidii kitu. Ukishapuliza, wenzao wanakwisha, wao wanabaki, wanageuka nondo na kupandana wao kwa wao. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260, na watoto wanarithi kinga ya wazazi. Kwenye joto, yai linafika kuwa nondo ndani ya takribani mwezi mmoja, kwa hiyo msimu mmoja wa nyanya unabeba vizazi vitatu au zaidi. Charles Darwin aliieleza kanuni hiyo mwaka 1859, akaiita uteuzi asilia. Mwaka 1914 mtafiti A. L. Melander aliandika kuhusu wadudu wa miti ya matunda huko Washington, Marekani, waliokuwa wakinusurika dawa iliyowaua wenzao. Kwetu kantangaze, ambaye asili yake ni Amerika Kusini, aliingia Tanzania mwaka 2014. Anayechagua nani azae shambani kwako ni wewe uliyebeba bomba.

Kwa hiyo kabla ya kupuliza, hesabu. Funga vitambaa kwenye mashina 20 yaliyotawanyika shamba zima. Chuma jani lenye doa jeupe ulinyanyue lielekee jua. Utaona njia aliyoichimba katikati ya ngozi mbili za jani, uchafu wake mweusi umejikusanya upande mmoja, na mwenyewe amelala humo, kijani, kichwa cheusi. Mguse kwa ncha ya mwiba. Akijikunja, yu hai. Andika idadi ya walio hai, puliza, kisha rudi baada ya siku tatu kwenye mashina yaleyale. Kama dozi ilikuwa sahihi na bado wengi wanajikunja, usiongeze dawa ileile.

Badili, lakini badili kweli. Msimu ule nilionunua chupa tatu za majina tofauti, muuza duka aliniambia nizizungushe. Nilizizungusha kwa uaminifu. Baadaye nikakaa chini na miwani nikasoma maandishi madogo: mbili zilikuwa na abamektini na moja emamektini. Zote ni kundi 6, yaani zinamshambulia mdudu kwa njia ileile. Nilikuwa nimebadili karatasi ya chupa tu, na wale sugu wakaendelea kuzaa. Iliniuma, maana ile ilikuwa pesa ya ada. Tangu siku hiyo sinunui kwa jina la mbele. Natafuta namba ya kundi kwenye lebo, na kama haipo namtaka bwana shamba aniambie kiambato kiko kundi gani. Spinosadi ni kundi 5, klorantraniliproli ni kundi 28.

Kundi moja litumie kwa takribani mwezi, yaani kizazi kimoja, kisha hamia jingine. Aliyenusurika kundi 6, watoto wake wakutane na 5. Dozi iwe ya lebo, kwa kipimo, si kwa kifuniko cha chupa. Dozi pungufu inawaacha hata wenye kinga ndogo, na kinga ndogo mbili zikikutana kwenye uzao mmoja zinakuwa kubwa. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zifuate bila mjadala. Nyanya hizi zinaliwa na watoto.

Ila kazi ninayoipenda kuliko zote haihitaji chupa. Kila asubuhi nachuma majani yaliyochimbwa, nayafunga kwenye mfuko mweusi, nauacha juani mpaka waive humo. Mkono haumwulizi kiwavi kama ana kinga. Sugu na dhaifu wanaondoka pamoja, na kinga yake ya dawa haimsaidii chochote. Vivyo hivyo mtego wa feromoni, yaani harufu ya jike, unaonasa madume, sugu na dhaifu, na mabaki ya shina ninayofukia mara tu mavuno yanapoisha. Kadiri unavyowaua kwa njia hizi, ndivyo dawa inavyobaki na kazi ndogo, na sugu wanakosa upendeleo. Msimu unaofuata napanda kitunguu, ambacho kantangaze hakili. Mnavu wa pembezoni nang'oa, maana anajificha humo.

Nondo anaruka, hivyo mpango wa shamba moja hautoshi. Mwezi huu kwetu ni kundi 5. Namba nimeiandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo, na majirani wawili wa mfereji uleule hupita kuisoma kabla hawajaenda dukani.